Punje Nyekundu Kweli, Nyeupe Bongo

Kwetu mkamwana hamwiti baba mkwe wake kwa jina. Hapokei kitu kutoka kwake kwa mkono mmoja, hakanyagi mkeka wake, hali mbele yake, na akimkuta mzee amekaa njiani huzunguka nyuma ya nyumba hata kama kuna tope la kumeza ndala. Sasa kumwambia baba mkwe "unadanganya"? Mungu wangu! Hilo ni la kurudishwa kwenu na godoro lako kichwani. Ukipata bahati ya kusamehewa, unalipa kuku. Na mimi ndiye niliyeolewa katika mila hiyo, mimi mwenye mdomo huu ambao mama yangu mzazi aliwahi kuupeleka kwa mchungaji ukaombewe.

Lakini kila Jumapili alasiri, tukishatoka ibadani, nilikuwa namwita baba mkwe wangu muongo mbele ya uso wake, kwa sauti ya kufika hadi kwa jirani, naye anacheka mpaka anakohoa. Mila ilikuwa imesahau kuweka sheria juu ya ule mchezo, nami sikuwa na haraka ya kuikumbusha.

Mchezo wenyewe tuliuita bongo. Wasomaji wa pwani msije mkadhani ni habari za akili. Kwa sisi watu wa Kivu bongo ni uongo, basi. Ulianza siku jirani yetu wa hapa kijijini Juru alipopata safari ya kwenda Amerika. Mtu akipata safari hapa kambini Nakivale, Uganda, hugawa vitu vyake kabla ya kuondoka. Wa kwanza kufika alipata baiskeli, wa pili godoro, wa tatu akabeba masufuria. Sisi tulikuwa shambani tunang'oa maharage, tukafika wa mwisho, tukapewa kamusi ya Kiswahili isiyo na jalada.

"Benzetu banapata baiskeli, shiye tunapata karatasi," mama mkwe alilalamika, na akaendelea kulalamika mpaka mvua zilipoisha.

Baba mkwe aliipokea kwa mikono miwili. Kule Kivu ya Kusini alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na tangu tuvuke mpaka alikuwa hajashika kitu kingine zaidi ya jembe. Aliishona ile kamusi mgongoni kwa uzi wa gunia, akaifunika kwa kipande cha boksi, na Jumapili iliyofuata akatuita tukae darasani. Darasa lilikuwa kivuli cha nyumba, na wanafunzi tulikuwa mama mkwe, mimi, na mume wangu siku akipata nafasi ya kuja kutoka Biharwe anakopakia matofali. Akaona kusoma tu kunatusinzisha. Ndipo akabuni mchezo.

Ulichezwa hivi. Jumapili tulikuwa tunachambua maharage ninayopeleka kuuza Mbarara, kila mtu na ungo wake. Mwenye zamu ya kamusi alichagua neno ambalo hakuna anayelijua, na hayo hayakupungua, kwa sababu kitabu kilijaa maneno ya baharini na ya minazi, na sisi mnazi hatujawahi kuuona hata kivuli chake. Akishalitaja neno, anatoa maana. Maana hiyo ama ni ya kitabu, ama ameitunga kichwani hapohapo. Wengine tunatupa punje kwenye mfuniko wa sufuria: nyekundu ukiamini ni kweli, nyeupe ukiona ni uongo. Anayetupa nyeupe ana ruhusa ya kupiga kelele, "Bongo!" Kisha kitabu kinaamua. Kilichomo kitabuni ni kweli, kisichomo ni uongo, hakuna kukata rufaa. Aliyekosea anachambua maharage ya mwenzake.

"Mkwiji," alianza baba mkwe siku moja, kwa ile sauti ya ubaoni, "ni ugonjwa wa kuku unaowafanya watembee kinyumenyume."

Nikatupa nyekundu. Mume wangu akatupa nyekundu, tena akasema kuku wa shangazi yake waliugua hivyohivyo. Kumbe mkwiji ni kimfuko cha pesa cha kufunga kiunoni! Mama mkwe peke yake ndiye aliyetupa nyeupe. Yeye hajui kusoma, na mbinu yake ilikuwa moja tu, kutoamini chochote kinachosemwa na mtu yeyote. Alitupa nyeupe kwa kila neno, na nawaambia, mara nyingi alishinda.

Mimi, baba mkwe hakuniacha nipumue. Ikifika zamu yangu nasema, "Dohani ni mtu anayekuja kusalimia wagonjwa saa ya chakula tu." Nimekaza uso, sicheki, sauti imetulia. Ananitazama kidogo, anatupa nyeupe. "Bongo, mukamwana." Na kweli, dohani ni bomba la kutolea moshi. Kila nikidanganya, ananikamata. Nikisema kweli, anatupa nyekundu. Nilikasirika, nawaambia! Mimi sipendi kushindwa hata kwenye kukuna kichwa. Nilikuwa nachambua maharage ya mzee huku nayasonya.

Kisha, majira ya kupanda mahindi, mambo yakageuka. Nilianza kumshinda. Nikamwambia kwamba kifumbu ni wimbo wa kumbembelezea punda mwenye huzuni, naye akafikiri, akafikiri, akasema, "Kweli." Punda mwenye huzuni! Kifumbu ni kikapu cha kuchujia tui. Jumapili iliyofuata nikamdanganya tena, na tena. Aliacha hata kutupa punje, akawa anasema kwa mdomo tu, kweli au bongo, nikadhani ni uvivu wa uzee. Nikavimba kichwa. Nilitembea Juru nzima kama mke wa mwenyekiti.

Haukupita muda, mzee akatoa amri mpya.

"Hii kitabu inachoka kubadilisha mikono," alisema. "Tangu leo itabaki kwangu. Mie njo nitasoma, nyie mutajibu."

Nilimpigia mume wangu simu jioni ileile. "Baba yako ananiogopa," nilimwambia. Akanisihi nisiseme hivyo kwa sauti.

Lakini lazima nikiri, uongo wake ulizidi kuwa mtamu tangu kitabu kibaki mikononi mwake. Alikuwa anakifunua, anakiweka magotini, anainamisha kichwa na kusoma taratibu, na maneno yanatoka yamenyooka, na mifano juu. Kulikuwa na neno la mwanamke anayerudisha ungo wa kuazima ukiwa na tundu. Kulikuwa na neno la mlio wa tumbo la mchungaji wakati wa maombi marefu. Mengine alisema ni ya kitabu kabisa, nasi tukaamini, na kwa kweli tulianza kuyatumia kwenye mazungumzo.

Sasa sikilizeni habari ya karanga. Mama mkwe huuza karanga za kukaanga kando ya barabara, amezifunga kwenye vikaratasi. Siku moja nimeshuka kutoka Mbarara na njaa yangu, akanipa kimoja. Nikazimaliza, nikakikunjua kikaratasi nilambe chumvi, na machoni mwangu likaja neno zumbukuku, na maana yake, mtu mjinga. Nikakigeuza upande wa pili. Z tupu, kuanzia juu hadi chini. Nilijua ile karatasi ilikotoka. Nikalamba chumvi.

Jumapili, baba mkwe akafunua kitabu karibu na mwisho, akainama.

"Zalambo," alisoma, "ni kamba ya kufungia mbuzi wa sadaka, iliyosokotwa na mjane."

Nikatupa nyeupe kwa nguvu hadi ikaruka nje ya mfuniko. "Bongo!"

"Umeshindwa, mukamwana. Kitabu kinasema ni kweli."

Kitabu kipi? Nilifungua mdomo niulize, na hapo mama mkwe akanifinya paja, finyo la kuleta machozi. Nikafunga mdomo. Nikavuta ungo wa mzee, nikaanza kuchambua maharage yake.

Tulipobaki wawili jikoni nilimgeukia. "Mama, Z umeziuza."

"Na Y. Na W pia karibu yote." Hakuwa na aibu hata kidogo. Akachochea moto, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Haoni, mwanangu. Ule muzee haoni kitabu. Hakioni tangu kupanda mahindi."

Aliniambia alivyojua. Alimwona anapapasa kikombe kilicho mbele yake. Akaamua kumjaribu, akachana karatasi ya kwanza mwishoni mwa kamusi na kungoja kelele, maana mzee huyo alikuwa anagombana na mtu aliyekunja kona tu ya ukurasa. Kelele haikuja. Jumapili ilipofika, akamsikia anasoma palepale pasipo na kitu.

"Nililia," alisema mama mkwe. "Nililia sana. Kisha nikaona ni karatasi nzuri."

Niliona kichwa changu kinapungua ukubwa. Basi ile miezi yote niliyojisifu nilikuwa namshinda mtu asiyeniona! Lakini aibu hiyo ilikuwa ndogo mbele ya hofu iliyonijia baada yake. Nilikumbuka kwamba juzi tu baiskeli yenye mikungu ya matoke ilikuwa imempiga bega barabarani, naye akarudi anasema mwendesha baiskeli ni kipofu. Nilikumbuka pia alivyosema siku tulipomwona mzee mmoja wa kijiji cha pili anaongozwa kwa fimbo, mtoto mbele na yeye nyuma. "Kuliko ile, heri banizike." Aliyasema akiwa ametazama pembeni, na sasa nilijua alikuwa anasema habari zake mwenyewe.

"Umwambie," nilimwomba mama mkwe.

"Nikimwambia, ataniuliza karatasi zilikwenda fasi gani."

Nikampigia mume wangu. Akavuta pumzi ndefu. "Baba hajaniambia kitu. Mimi mtoto nitaanzaje kumtajia macho yake?" Wanaume wa ukoo huo ni hodari wa kubeba matofali, siyo maneno.

Wiki hiyo Mbarara nilimweleza hajji anayenunua maharage yangu, Mganda mmoja mpole mwenye duka la nafaka. Hakushtuka hata kidogo.

"Kale, nyabo, hiyo ni mutoto ya jicho," alisema, maana kwao kila mwanamke ni nyabo. "Mama yangu alikuwa nayo, walimutoa pale Ruharo, hospitali ya macho. Saa hii anatia uzi kwa sindano peke yake, na anaona kila kitu mimi nakosea." Akaniambia watu wa macho wangekuja na gari kwenye kituo cha afya cha kwetu Jumatatu ya wiki inayofuata, wawachukue wanaohitaji kwenda hospitali. Nisichelewe, alisema, gari likijaa linaondoka.

Basi hali ikawa hiyo. Gari lilikuwa linakuja. Mke anaogopa karatasi, mtoto anaogopa baba, na mimi niliyebaki ndiye mtu pekee katika nyumba ile ambaye mila imemkataza hata kutaja kwamba baba mkwe wake ana macho. Nilizunguka na jambo hilo siku kadhaa, nikavunja sahani, nikagombana na mbuzi wa jirani. Halafu nikakumbuka kwamba mila ina tundu moja, na tundu lenyewe ni Jumapili alasiri.

Jumapili ilipofika nilipiga magoti mbele ya mkeka wake.

"Baba, leo naomba kusoma mimi. Mara moja tu."

Alishika kitabu kwa nguvu kidogo, kisha akaniachia. Nikakifungua kwenye K, penye karatasi za kweli. Mama mkwe aliacha kuchambua.

"Kizerengwa," nilisoma. Neno hilo halikuwemo. Nilikuwa nimelitunga njiani kutoka kisimani. "Kizerengwa ni mtu mzima aliyeingiwa na ukungu machoni, naye hukaa kimya ili watoto wake wasijue."

Hakuna aliyetupa punje. Baba mkwe aliingiza mkono kwenye ungo, akachukua punje moja, akaizungusha kati ya vidole, akaiinua karibu na uso, kisha akairudisha.

"Hii iko rangi gani?" aliuliza.

"Nyekundu, baba."

"Basi ni kweli," alisema. "Na kitabu chako kinasema hiyo kizerengwa iko na dawa?"

"Kinasema ipo. Ruharo. Kinasema gari linakuja kesho."

"Kitabu chako kinajua mambo mingi, mukamwana."

Nilitamani kucheka na kulia vyote pamoja, nikaishia kupenga kamasi kwenye kitenge. Mama mkwe alikuwa tayari ameinuka kwenda kumpigia shati pasi.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Thubutu! Mzee alipanda gari kwa hiari yake, akatoa hata mzaha kwa wenzake njiani. Lakini tulipofika hospitalini Ruharo, nikaona mizaha inamwisha. Tulikaa kwenye benchi refu la korido, mimi kwa adabu nimeacha nafasi kati yetu, na kutuzunguka kulikuwa na watu wengi wa kwetu, akina mama wa Juru wenye masikio makubwa kuliko macho waliyokuja kutibiwa. Mbele yetu dada mmoja wa hospitali alikuwa anawaita watu mmoja mmoja kusoma herufi zilizobandikwa ukutani. Mtu anafunika jicho, anasoma kwa sauti, dada anaandika.

Baba mkwe alikuwa ameinamisha kichwa upande wa yule aliyekuwa anasoma, na midomo yake ilikuwa inachezacheza. Ile midomo mimi naifahamu. Ndivyo ilivyokuwa ikicheza Jumapili kabla ya kutoa neno.

Akaitwa. Akasimama wima, nikamwongoza mpaka alama ya chini, nikarudi nyuma.

"Kale, mzee. Soma hiyo ya juu," alisema dada.

Akaanza, kwa sauti ya ubaoni, herufi moja baada ya nyingine, bila kukwama hata mahali pamoja, kama alivyozisikia kwa mtu wa kabla yake. Alimaliza mstari wa kwanza, akateremka wa pili bila kuambiwa.

"Unaona, dada? Niko naona muzuri kabisa," alimalizia. "Munipe ruhusa nirudi kwetu, niachie benzangu fasi."

Dada akainua kalamu. Labda angemwuliza tena, labda daktari angemwangalia na kujua mara moja, maana wale ni watu wa kazi yao. Lakini mimi siyo mtu wa kungojea labda. Niliiona ile barabara ya Juru, na baiskeli ya matoke, na ile fimbo yenye mtoto mbele. Hasira ikanipanda kutoka kwenye nyayo.

"Bongo!" nilipiga kelele.

Korido nzima ikageuka. Akina mama wa Juru walishika midomo. "Yesu!" mmoja alisema. "Njo baba mukwe wake ule!" Nikasikia mwingine anamweleza wa nyuma ambaye hakuona vizuri. Nilitaka sakafu inimeze, lakini kwa kuwa haikunimeza niliendelea.

"Bongo, baba! Nyeupe! Umeyasikia kwa yule mtu!"

Dada alitutazama sote wawili. "Nyabo, bongo ni nini?"

"Dada, nakuomba," nilisema, na hapo nilikuwa nimeshapiga magoti, "mwonyeshe tu mkono wako, umwulize vidole ni vingapi."

Dada akainua mkono. Baba mkwe alielekeza uso pale sauti ilipotoka. Midomo yake ikatafuta kitu cha kutunga. Kisha mabega yakamshuka.

"Amenikamata," alimwambia dada. "Sioni vidole. Ata mukono sioni." Akaongeza polepole, "Niko naogopa, mwanangu. Banasema munatoa macho ya muntu, munaweka mu sahani, munaosha."

Dada hakumcheka kwa dharau, alicheka kama mtoto wake. "Mzee, hapa sisi hatuna sahani. Hata chai nakunywa kwa kikombe ya kuazima. Kuja." Akamshika mkono.

Sikulala vizuri mpaka bandeji ilipotolewa. Walianza na jicho moja, na asubuhi hiyo nilisimama mlangoni, nimetazama chini kama mkamwana anavyotakiwa. Nilimsikia anasema dirisha. Nilimsikia anasema shuka, na kwamba ina rangi ya bluu. Halafu akaniita.

"Mukamwana, geuka. Sema uongo mumoja."

Uongo gani saa ile? "Chakula cha hapa kitamu kuliko cha mama," nilisema.

Akapiga paja. "Njo ile! Pua! Ukidanganya, pua yako inacheza!"

Kumbe ndivyo alivyokuwa akinikamata tangu mwanzo. Nilishika pua yangu, nikalia kwa furaha hadi kitenge kikalowa, na chini ya furaha hiyo nilikuwa nimekasirika sana, kwa sababu nilijua kuanzia siku hiyo sitashinda tena.

Habari zilifika Juru kabla yetu. Mama mkwe alitungoja mlangoni, amefunga kitenge cha kanisani. Alimtazama mumewe, mumewe akamtazama. Kisha akanigeukia.

"Ni kweli ulimwita baba yako muongo mbele ya batu?"

"Ilikuwa mchezo, mama."

"Maharage yalikuwa fasi gani?"

Faini ni faini, nikasema nitatoa kuku wangu mwekundu, yule anayetaga vizuri. Lakini baba mkwe akainua mkono. Alisema tutaicheza faini hiyo Jumapili, neno moja tu. Nikijibu sawa, kuku atabaki hai. Nikikosea, sufuria.

Jumapili mume wangu alikuja kutoka Biharwe kwa ajili ya hilo tu. Baba mkwe alikaa na kitabu, akawa anakifungua kwa raha, karatasi kwa karatasi, mpaka akafika mwisho wake mpya.

"Mama ya batoto, Z iko fasi gani?"

Mama mkwe aliinamia ungo. "Karanga zilikula."

Mzee alimtazama kwa jicho lake jipya, kisha akarudi nyuma hadi K. Nadhani jambo hilo walilimaliza wenyewe, maana sikulisikia tena.

"Kizerengwa," alisoma.

Moyo ukanilipuka kwa furaha. Neno langu! Nani anajua kuliko mimi kwamba halimo?

"Kizerengwa," alirudia, "ni mkamwana mwenye mdomo mkubwa, anayemwita baba mkwe wake muongo hadharani, naye ana haki."

Sikusubiri. Nilitupa nyeupe, nikapiga kelele ambayo sijawahi kuipiga. "Bongo!"

Akakigeuza kitabu kwangu. Pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu, kwa mwandiko wa mwalimu ulionyooka bila mstari, palikuwa na kizerengwa. Maana ya kwanza, ile yangu ya ukungu machoni, alikuwa ameiandika yote kisha akaikata. Chini yake alikuwa ameandika ya pili, neno kwa neno kama alivyoisoma.

"Kilichomo kitabuni?" aliuliza.

"Ni kweli," alijibu mama mkwe haraka, jicho lake likiwa tayari kwa kuku wangu.

Kuku alipikwa. Wanaume walikula mbele, mimi nikala nyuma ya jiko, kama kawaida. Na kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mwanamke huipika, huipakua na kuipeleka, lakini haionji, na mimi sikuwa nimewahi kuitia mdomoni maisha yangu yote. Nilikuwa nalamba vidole, nimenuna kwa ajili ya mayai ambayo sitayaona tena, mama mkwe alipokuja na kibakuli kilichofunikwa.

"Baba yako anasema hii ni ya kizerengwa."

Nikafunua. Ilikuwa firigisi, nzima, haijakatwa.

"Mama, ni kweli, au ananichezea?"

Mama mkwe, ambaye tangu mchezo uanze hakuwahi kuamini neno la mtu, alitia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa punje moja ya haragwe, akaiweka kwenye kiganja changu. Ilikuwa nyekundu. Nikaila ile firigisi yote, na sikumwachia mtu.